Kamera, Fagia na Pajama ya Mifupa

Kuna bidhaa moja Nairobi ambayo mnunuzi haonyeshwi mpaka awe amelipa, nayo ni belo la mitumba. Tikitimaji utakatiwa kipande uonje. Kuku utampapasa kidari, umrudishe, umpapase mwingine. Hata mchumba siku hizi hupekuliwa kwenye simu kabla wazee hawajatumwa. Lakini belo, kilo 45 za nguo zilizoshindiliwa kwa mashine huko Uingereza au Kanada, zikakazwa mikanda na kuvikwa plastiki, hilo unalipa, unabeba, na ukifika kwako ndipo unapojua Mungu alikuandikia nini. Nilipomwomba muuzaji mmoja wa Gikomba nichungulie kidogo tu, pembeni, alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, hapa si darasani. Unabeba ama nipatie huyu madam?"

Sikuwa nimemwambia kazi yangu. Nadhani ni zile kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu.

Ni kweli nafundisha, katika shule moja ya binafsi ya mabati hapa Kawangware, ambayo jina lake haliingii katika habari hii kwa sababu bado nawadai. Mshahara hutoka wazazi wakilipa karo. Wazazi hulipa karo mjengo ukiendelea. Mjengo huendelea mvua isiponyesha. Kwa hiyo mimi, mtu wa chaki, hukaa dirishani nikitazama mawingu ya Ngong na kukadiria unga wangu wa mwezi ujao. Wenzangu wote wana kitu cha kando. Wa hisabati anauza mayai boilo, wa Kiingereza ana boda boda aliyoajiria kijana, na mwalimu mkuu huuza maji kwa mitungi na hapendi tuliseme hilo.

Mimi nilitazama ramani. Kawangware 46, pale matatu za namba hiyo zinapogeuza kurudi mjini, ni mahali pa ajabu kibiashara. Upande mmoja, ukivuka tu, kuna Lavington, ambako mtu anaweza kuondoa friji nzima kwa kuwa haiendani na rangi ya ukuta mpya. Upande huu tuko maelfu, wengi hatuna friji na hakuna anayetuuliza rangi ya ukuta. Ongeza Toi, lile soko la mitumba lililo ukingoni mwa Kibera karibu na Adams Arcade, halafu Gikomba ng'ambo ya mji, na unapata pembetatu ambayo mwalimu yeyote wa hisabati angeona kuna pesa katikati. Mimi nafundisha Kiswahili na sayansi.

Mshirika wangu ni jamaa tuliyesoma naye, ana kibanda Toi. Ndiye aliyenipeleka Gikomba kabla ya jua, saa mabelo yanapofunguliwa, akanifafanulia jinsi nguo inavyozeeka pale ndani ya saa chache. Mikanda ikikatwa, kuna watu wamelizunguka belo tayari, wamelipa zaidi ili wawe wa kwanza kutia mkono. Wanachochomoa hao ndicho kamera: blauzi yenye lebo ya dukani inayoning'inia bado, suruali ambayo haijawahi kuona goti. Hizo zitapigwa pasi, zitundikwe kwenye maduka ya mjini yenye vioo, na bei yake itatajwa kwa Kiingereza. Wakitoka wa kwanza wanaingia wa pili, kisha wa tatu. Kufikia saa sita mchana kilichobaki kimerundikwa juu ya turubai na kijana amesimama katikati yake kwa miguu, anaimba hamsini, hamsini, na jioni ataimba ishirini. Hiyo sasa ni fagia. Nguo zilizoteremka melini Mombasa zikiwa na hadhi moja, adhuhuri zimeshapangiwa matabaka, na hakuna rufaa.

Ukinunua belo zima, kamera ni yako na fagia ni yako. Siri iko katika kujua utapata ngapi ya ipi, na siri hiyo iko ndani, na ndani hakufunguliwi. Mshirika wangu akanifundisha kusoma belo kwa nje. Unatazama karatasi ya aina na nchi. Unabonyeza pembe. Unatafuta penye plastiki iliyochanika, unaingiza kidole, unakitoa, unakinusa. Nilinusa. Kilinuka dawa ya nondo na kitu kingine ambacho mshirika wangu, baada ya kukinusa kidole changu kwa makini, alisema ni Kanada.

Tukachanga Sh18,000, tukabeba belo la watoto, mchanganyiko. Hoja yake haikuwa na kasoro: mtu mzima anaweza kuahirisha suruali, lakini mtoto hawezi kuahirisha miguu.

Konda wa 46 alilitoza belo nauli ya abiria. Nikamweleza kwamba ni nguo za watoto, angalau atoze nusu. Akacheka sana, akatoza yote. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja, kwa hiyo belo lilikaa dirishani, likapita Hurlingham, likapita Yaya, likaona Valley Arcade, na mimi nimesimama kwenye korido nimelishikilia bega lisilale juu ya mama aliyekuwa kando yake. Mama yule alishuka bila kulisalimia.

Tunaishi chumba cha futi kumi kwa kumi. Ndani kuna kitanda, kochi, meza, meko, na pazia la kuvigawanya vyote hivyo viwe nyumba. Mke wangu aliuliza belo litafunguliwa wapi. Nikasema hapa hapa. Akamchukua mtoto mdogo akatoka naye nje, na niliona huko ni kukosa imani. Nikakata mkanda wa kwanza. Belo lilipumua. Nikakata wa pili, likaumuka kama mandazi kwenye mafuta, na kabla sijaufikia wa tatu ukakatika wenyewe. Mashine iliyoshindilia nguo zile ilikuwa na nguvu ambazo mkono wa mwalimu hauna, na nguo ikishaonja uhuru hairudi. Zilifunika kochi, zikafunika meza, zikapanda ukutani mpaka usawa wa swichi. Rimoti ya televisheni ilionekana tena Alhamisi.

Juu kabisa kulikuwa na kamera tupu: kikoti cha jinzi, gauni la maua, sweta ambayo bado ilikuwa na vifungo vya akiba kwenye kimfuko chake. Mimi na mshirika tukapeana mikono. Chini ya sweta kulikuwa na boga.

Namaanisha boga: vazi la rangi ya machungwa la mtoto wa miaka mitano, limejazwa sponji, lina macho mawili ya pembetatu na kijikofia cha kijani. Chini ya boga kulikuwa na mchawi mwenye kofia ndefu. Chini ya mchawi, popo. Halafu boga jingine.

Kumbe huko kwa wenzetu, Marekani, Kanada na Uingereza, kuna usiku wa tarehe 31 Oktoba ambapo watoto huvishwa mavazi ya kutisha wakapita mlango kwa mlango wakigawiwa peremende. Vazi huvaliwa usiku mmoja. Mwaka unaofuata mtoto amekua, vazi linatiwa kwenye mfuko wa sadaka, mfuko unauzwa kwa kilo, kilo zinapangwa, zinashindiliwa, zinavuka bahari, na sadaka ya mtu wa Toronto inafika kwangu nikiwa nimeshailipia. Kawangware mtoto akibisha mlango jioni ametumwa chumvi. Na mtu akionekana usiku na vazi la kichawi, hakuna atakayemletea peremende.

Mshirika wangu alichukua fungu lake la kamera, akaniachia popo na mawaidha, akarudi Toi.

Soko letu la 46 ni la jioni. Kuanzia saa kumi na moja watu wanarudi kwa miguu kutoka Lavington na Kilimani, mayaya, mafundi, mabawabu wanaobadilishana zamu, na kando ya barabara kila mtu ametandaza alicho nacho: nyanya, chaja za simu, viatu vilivyosuguliwa kwa mswaki hadi soli ikawa nyeupe kuliko ilivyotoka kiwandani. Mama wa Kawangware akichukua fulana, huiinua kwanza kwenye mwanga atafute matundu. Anaigeuza ndani nje. Ananusa kwapa. Anavuta mshono. Anapandisha zipu, anaishusha, anaipandisha tena ili zipu isije kusema haikupewa nafasi. Halafu anaiweka chini, anaondoka, anafika kwa muuza viazi, anarudi, na anauliza bei kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Mimi niliyenunua kwa kunusa kidole nilikuwa nawauzia wakaguzi.

Wauzaji wazoefu wanajua dawa ya ukaguzi ni kiza kidogo. Ndiyo maana nafasi zilizo mbali na ile taa ndefu ya mlingoti, ambayo watu huiita mulika mwizi, hushikwa mapema. Mgeni huachiwa nafasi iliyo chini ya taa yenyewe. Nikatandaza hapo.

Kamera ziliisha jioni ya kwanza. Zikabaki zile nyingine, na jirani yangu wa mlango wa tatu, dada mmoja mlokole sana, akainua vazi jeusi la kipande kimoja, toka shingo hadi kifundo cha mguu, lililochorwa mifupa myeupe.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Hiyo ni pajama, dada."

"Na hii mifupa?"

Kuna wakati taaluma humwokoa mtu. "Hizo ni mbavu. Hapa fupanyonga. Hapa femuri. Mtoto akivaa hiyo wiki moja, viungo vya mwili amemaliza. Hiyo ni ya CBC."

Tangu mtaala wa umilisi uenee kwenye madarasa ya chini nchi nzima mwaka 2019, wazazi wameagizwa walete maganda ya mayai, maboksi, vijiti, manyoya ya kuku, picha zilizochapishwa kwa rangi usiku wa kuamkia siku yenyewe, kiasi kwamba herufi hizo tatu zikitajwa mzazi hana ubishi tena, anauliza bei tu. Nilitaka mia tatu. Akatoa mia mbili, ile mia nyingine atume mwisho wa mwezi.

Kitu ambacho hakuna aliyekijua kati yetu, kwa sababu nilikuwa nimekaa chini ya mulika mwizi kila jioni, ni kwamba mifupa ile ilipakwa rangi inayokunywa mwanga na kuutoa gizani.

Stima ilipotea usiku wa Jumanne. Ploti yetu ina vyumba pande mbili, ukumbi mwembamba katikati, na choo mwishoni. Kijana wa yule dada, miaka saba, alishikwa na haja, akatoka bila kumwamsha mama. Wa kwanza kumwona alikuwa keateka, mtu aliyewahi kuwa bawabu Lavington na ambaye amekuwa akitusimulia kwa miaka jinsi alivyowakabili majambazi wenye mapanga. Aliona mbavu, mikono na miguu vinakuja kwake, kimo cha mtoto, bila kichwa. Hakukabili. Alipita kwenye kamba ya nguo akaondoka nayo.

Kelele zikaamsha milango yote. Kila aliyechungulia aliona mifupa na akafunga. Kijana, akisikia watu wazima wanapiga mayowe na wanatazama upande wake, akaamua kwamba kitu hicho kiko nyuma yake, akafanya alichofundishwa afanye akiogopa: akakimbilia watu. Hapo ndipo ploti ilipotambua kwamba mifupa inashambulia. Mtu wa chumba cha tisa alirusha beseni la maji ya vyombo. Na juu ya yote, toka mlango wa tatu, sauti ya yule dada: "Shindwe! Shindwe! Rudi kuzimu!" Mifupa ikajibu kwa kilio, "Mathe, ni mimi! Ni pajama ya Mwalimu!"

Kimya kilichofuata nilikisikia nikiwa nyuma ya pazia letu, nikijifanya nimelala. Mke wangu aliwasha tochi ya simu akanimulika usoni. Hakusema neno.

Kikao cha asubuhi kiliongozwa na keateka, aliyekuja na kamba ya nguo mkononi kama ushahidi kwamba alikuwa akimfukuza mtu. Yule dada alitaka pesa zake, na alitaka pajama ichomwe na chumba changu kiombewe. Nilikubali kuombewa. Kuhusu pesa, tulielewana kwamba ile mia ya deni ifutwe na tuishie hapo. Kuchoma hakukufanyika, kwa sababu jioni ile ile mama mmoja wa ploti ya nyuma alikuja kwangu kimya kimya akauliza kama iko nyingine ya kuwaka. Mtoto wake anaogopa giza, na stima ikipotea yeye mwenyewe hamwoni alipo. Baada yake akaja mwingine. Niliwauzia kwa mia nne. Mlokole aliposikia bei imefika mia nne, akaja kuulizia ile yake kama anaweza kuniuzia mimi. Maboga yalinunuliwa na fundi mmoja wa Stage 2 aliyeyachana akatoa sponji, na sasa ni mito ya kochi. Wachawi sijawauza. Nimewafunga kwenye mfuko wa mwisho kabisa chini ya kitanda na mke wangu ameniambia nisimwambie mama yake.

Sasa nieleze habari ya deni, maana hapo ndipo nilipoelewa uchumi. Muuza mitumba anayeishi anakouzia hauzi nguo, anakopesha nguo. Kila mteja wangu ni mzazi, jirani au shemeji wa mtu, na wote wana msemo mmoja: "Mwalimu, nitakutumia jioni." Jioni zikapita. Muhula ulipofungwa nilienda kumdai mama mmoja Sh300 za sweta, akanilipa pale pale kwa M-Pesa, bila fujo, na akaongeza kwa unyenyekevu kwamba hizo zilikuwa za karo, ila aliona haya kukaa na deni la mwalimu. Nilifurahi mpaka mwisho wa mwezi, mkurugenzi wa shule alipotuita kutueleza kwamba mishahara itachelewa kwa kuwa wazazi hawajalipa karo. Nilikaa nikazihesabu zile pesa kichwani. Zilikuwa mshahara wangu. Zingenifikia kwa mlango wa ofisi, zikanifikia kwa mlango wa sweta, na njiani nikawa nimepoteza sweta. Nilimweleza mwalimu wa hisabati, akamenya yai akafikiri, akasema kitaalamu hiyo bado inaweza kuandikwa kama mauzo.

Watu wakubwa nao hujishughulisha na suruali zangu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana kwamba mitumba iondolewe polepole, mpaka kufikia 2019 iwe imekwisha, ili viwanda vyetu vya nguo vifufuke. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, serikali yao ikakumbusha habari ya soko la AGOA lililokuwa likiingiza nguo zetu kule bila ushuru, na Kenya ikakumbuka haraka. Rwanda, iliyokuwa imeshapandisha ushuru hadi dola 2.50 kwa kilo, ilikataa kurudi nyuma, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafasi ya kupeleka nguo bila ushuru. Machi 2020, korona ilipoingia, serikali yetu ikazuia mitumba isiingie; kufikia Agosti ikaachia. Sina ubishi na hoja ya viwanda. Ila nimewahi kukaa chini ya mulika mwizi na fulana mpya iliyotengenezwa hapa hapa nchini, nikaitangaza kwa uzalendo, na mama mmoja akainusa kwapa, akakuta hainuki Kanada, akairudisha akisema hiyo itachuja.

Kauli iliyoniumiza zaidi ni ya Juni 2022, Raila Odinga, yule aliyeitwa Baba, alipokuwa akizindua manifesto yake uwanjani Nyayo na kugusia kwamba watu wetu huvaa nguo zilizovaliwa na watu waliokufa huko nje. Baadaye alifafanua kwamba hakukusudia kuwafungia wauza mitumba, na wanasiasa wakasahau. Wateja hawakusahau. Kwa mwezi mzima nilikuwa nikitaja mia mbili, naambiwa, "Mwalimu, hata Baba amesema mwenyewe alikufa. Atakudai nani? Niachie na hamsini." Na hawa ni watu waliokuwa wakimpigia kura mpinzani wake.

Belo la pili lilikuwa la makoti ya baridi kali, mazito, yenye kofia za manyoya, na suruali za kutelezea kwenye theluji zenye kanda za mabegani. Mshirika wangu alitaka kulia. Lakini Nairobi ya Julai si mchezo, na mtu anayeendesha boda boda saa kumi alfajiri kuteremka Ngong Road hahitaji kuelezwa theluji ni nini. Vijana wa stejini walizichukua zote, na hata leo ukifika 46 asubuhi utawaona wamevaa yale mavazi ya mlima, ya rangi ya waridi wengine, wakibishania abiria. Katika mfuko wa koti moja nilipata sarafu ya peni 20 ya Uingereza. Kila soko la mitumba lina hadithi ya mtu aliyekuta dola mia tano kwenye bitana, na mtu huyo kila mara ni binamu ya rafiki ya anayesimulia. Mimi nilikuta peni 20, na duka la kubadilisha fedha lilinieleza kwamba sarafu hawapokei.

Ndipo ikaja friji. Jirani mmoja ni yaya Lavington, waajiri wake wakawa wanahama kurudi kwao, na kila kitu kilikuwa kinaondoka. Friji ya milango miwili, ndefu kuniliko, Sh6,000. Safari hii nilisema sitanunua gizani, nitajaribu. Nikaichomeka pale pale jikoni kwao, nikafungua mlango, taa ya ndani ikawaka vizuri, nyeupe, safi. Nikalipa. Tuliishusha kwa mkokoteni kutoka kwenye miti na nyua zilizonyolewa mpaka kwenye matope yetu, na geti la ploti likagoma. Ikabidi milango ing'olewe, friji ipite kwa ubavu, milango iletwe nyuma yake. Jioni nikaichomeka kwangu. Taa iliwaka. Ya friji, namaanisha, kwa sekunde moja. Halafu ploti nzima ikaingia giza na nikasikia keateka akijifungia mlango kwa komeo.

Alipotulia alinipa amri: kitu hicho kisichomekwe tena hapa. Fundi alikuja mchana stima ya kawaida ikiwepo, akaisikiliza kifua, akasema compresa ilikufa zamani, haitagandisha hata ikipelekwa Kanada. Ila taa iko sawa.

Ilikaa nje ya mlango wangu, imefungwa mnyororo, watoto wakiitumia kama goli, mpaka mama anayeuza omena pale kona aliposimama mbele yake jioni moja na beseni kichwani. Aliifungua. Akaifunga. Akauvuta mlango kwa kidole kimoja aone kama utafunguka. Akapiga ubavu wake ngumi. Akanusa ndani.

"Mwalimu, paka anaweza fungua hii?"

"Hawezi, mama."

"Panya?"

"Hiyo ni raba pande zote. Hata harufu haitoki."

"Ni ngapi?"

"Elfu nne. Ila nikwambie ukweli, baridi haitoi."

"Baridi ya nini? Omena imekauka." Akafungua tena, akatazama juu. "Na hii taa?"

Nikaona mlango wa biashara umefunguka. Nikamweleza taa ni nzima kabisa, ya asili, ataona bidhaa yake hata usiku, akitaka naweza kumwazima waya tujaribu kwa dakika moja keateka akienda kuoga.

"Hiyo taa itakula stima yangu bure," akasema. "Itoe, na bei ya taa pia utoe."

Tulibishana mpaka beseni likashushwa chini. Nilisema taa ni mia mbili. Akasema friji ya Lavington haiwezi kuwa na taa ya mia mbili, hiyo lazima ni ya elfu moja, nimpunguzie elfu. Nikajaribu kuthibitisha kwamba taa yangu haina thamani kubwa hivyo, na nilikuwa nimeshaanza kuisema vibaya, kwamba ni kukuu, kwamba inaweza kuungua wakati wowote, nilipomwona anatabasamu. Tukamaliza kwa elfu tatu, nusu M-Pesa, nusu omena, nyingine jioni.